Tango Shujaa na Uongo wa Mpakani

Ukweli usemwe: VeggieTales inachekesha. Katuni hizi za Kikristo kutoka Marekani, zilizoanza 1993, zina nyanya na tango wasio na mikono wala miguu. Phil Vischer, mmoja wa waanzilishi, alichagua mboga kwa sababu kompyuta za wakati huo zilihangaika na viungo na nywele. Upungufu ukageuka kichekesho.

Kipindi ninachokirudia ni "Larry-Boy! and the Fib from Outer Space!" cha 1997. Mtoto Junior anavunja sahani ambayo babake anaienzi. Kiumbe kidogo cha buluu kinamshawishi adanganye. Kila uongo ukitoka kinanenepa, hadi kinakuwa jitu linalotisha mji mzima. Larry-Boy, tango aliyevaa vinyonyeo vya kuzibulia choo masikioni, anakuja kuokoa na anashindwa vibaya. Ni Junior tu anayeweza kulipunguza lile jitu, kwa kusema ukweli.

Hapo ndipo ilipo akili ya katuni hii. Shujaa ni kituko, kazi anaachiwa mtoto. Hakuna anayekuhubiria, unacheka, halafu unashtuka umefundishwa.

Sasa ilete Busia au Malaba. Huku uongo haunenepi, unanenepesha. Mama anavusha sukari kwa njia za panya kwa sababu faida ni ndogo, na mtoto wake anajua cha kujibu akiulizwa mama ameenda wapi. Akisema ukweli, havunji sahani. Anavunja chakula cha jioni. Junior anasamehewa na babake, katuni inaisha. Huyu wetu asamehewe na nani? Na kwani kosa ni lake?

Vischer mwenyewe, miaka kadhaa baada ya kampuni yake kufilisika 2003, alikiri kwamba alikuwa akiwafundisha watoto tabia za Kikristo bila kuwafundisha Ukristo wenyewe. Namwelewa. Ukweli usiokugharimu chochote ni adabu tu, na adabu hata mlanguzi anayo.

Sisemi watoto wanyimwe. Wawekee, wacheke na tango lao. Ila Junior akishakumbatiwa, simamisha video, uwaulize swali moja ambalo katuni inalikwepa: na kama baba hangesamehe, bado ungesema?

Halafu nyamaza, uwasikilize.