Farasi wa Freyr na Kiapo cha Hrafnkell: Uhakiki wa Kitheolojia

1. Utangulizi

Mara nyingi mahubiri yetu juu ya ibada ya sanamu huishia kwenye kitu chenyewe. Hirizi imechomwa, mti wa tambiko umekatwa, washarika wameimba na kurudi makwao. Ni nadra kwetu kuuliza ni nini kimebaki moyoni mwa mwenye hirizi baada ya majivu kupoa. Makala hii yakusudia kulichunguza swali hilo kwa msaada wa kitabu cha kale kutoka Aisilandi, Hrafnkels saga, yaani Masimulizi ya Hrafnkell, ambacho kisa chake kinamzunguka farasi mmoja. Kitabu hiki kiliandikwa katika karne ya 13 kati ya watu waliokwisha kuwa Wakristo, nacho chasimulia mambo ya karne ya 10, kabla nchi hiyo haijaipokea Injili. Hoja yetu ni kwamba kitabu hiki chaona vizuri kuliko wahubiri wengi mahali ilipo sanamu, lakini chaishia njiani kabla ya kufika kwenye toba.

2. Farasi katika maisha ya wakulima wa Aisilandi

Ili kukielewa kisa, hatuna budi kwanza kumwelewa farasi. Katika nchi ile ya milima, mito ya barafu na mashamba yaliyotengana mno, farasi ndiye aliyekuwa miguu ya mkulima. Alibeba majani makavu ya kulishia mifugo wakati wa baridi, alibeba kuni na sufu, aliwavusha watu mito, na kila kiangazi aliwapeleka wakuu na wafuasi wao kwenye Althing, baraza la nchi nzima la sheria na hukumu. Watu walishindanisha farasi dume kwa kuwapiganisha, na ugomvi wa wenye farasi uliweza kuzaa uadui wa koo.

Tena farasi alikuwa mnyama wa madhabahu. Alichinjwa kwa ajili ya miungu, na nyama yake ikaliwa katika karamu ya tambiko. Ndiyo sababu Kanisa la Magharibi lilipigana na mlo huo. Mnamo 732 hivi, Papa Gregori wa III alimwandikia Bonifasi, mmisionari kati ya Wajerumani, akimwagiza aukomeshe. Naye Ari Thorgilsson, mwanahistoria wa kwanza wa Aisilandi, aandika katika karne ya 12 kwamba nchi ilipoukubali Ukristo kwa sheria, karibu na mwaka 1000, sheria ya kale juu ya kula nyama ya farasi iliachwa isimame, na miaka michache baadaye ikaondolewa. Hivyo watu wa kwanza waliokisoma kisa cha Hrafnkell walijua kwamba farasi aliyewekwa wakfu si jambo dogo.

3. Muhtasari wa kisa

Hrafnkell alikuwa mkuu na kuhani katika bonde la mashariki, akikaa Adalból. Alimpenda mungu Freyr kuliko miungu mingine, akamjengea hekalu na kumpa nusu ya kila kilicho bora katika mali yake. Kati ya hayo alikuwamo farasi dume aitwaye Freyfaxi. Hrafnkell aliapa kwamba atamwua mtu ye yote atakayempanda farasi huyo bila ruhusa yake.

Jirani yake Thorbjörn alikuwa maskini mwenye watoto wengi. Mwanawe mkubwa, Einarr, alikuja kutafuta kazi, akapewa kuchunga kondoo majike 50. Hrafnkell alimwonya waziwazi: farasi majike waliofuatana na Freyfaxi angeweza kuwatumia apendavyo, lakini Freyfaxi asimguse. Siku moja kondoo 30 walipotea, wasionekane kwa muda wa karibu juma zima. Einarr aliwaendea farasi majike, nao, ambao kwa desturi hawakuwakimbia watu, wakamkimbia. Freyfaxi peke yake alisimama kimya kana kwamba amepandwa ardhini. Kijana akampanda, akazunguka naye tangu alfajiri hadi jioni, na kondoo akawapata.

Farasi, akiwa amelowa jasho na kuchafuka matope, aligaagaa chini, kisha akatimua mbio hadi mlangoni pa Hrafnkell na kulia. Hrafnkell alitoka, akamwita mwanawe wa kulea, akamwahidi kisasi. Kesho yake alimwendea Einarr na shoka. Alikiri kwamba kosa hilo moja angelisamehe, kama asingalikuwa ameapa kiapo kikubwa hivyo. Kisha akamwua.

Thorbjörn alikataa fidia aliyoahidiwa, kwa kuwa Hrafnkell hakukubali waamuliwe kama watu walio sawa. Sámr, mtoto wa ndugu yake, aliipeleka kesi Althing, na kwa msaada wa wakuu wawili kutoka magharibi, Thorkell na Thorgeirr, akashinda. Hrafnkell aliteswa na kufukuzwa Adalból. Freyfaxi alifunikwa kichwa, akafungwa jiwe shingoni na kusukumwa kutoka genge, na hekalu likachomwa. Hrafnkell aliposikia alisema kwamba kuamini miungu ni upuuzi, wala hakutambika tena. Akawa mpole, akapata wafuasi na mali mahali pengine. Lakini baada ya miaka sita alimwua Eyvindr, ndugu yake Sámr, aliyekuwa amerudi kutoka safari za mbali bila kumkosea lo lote. Kisha akamfukuza Sámr na kuirudia Adalból.

4. Uhakiki

Wataalamu wamekisoma kisa hiki kwa njia mbalimbali. Sigurður Nordal, katika utafiti wake wa mwaka 1940, alionyesha kwamba ni kazi ya mtunzi zaidi kuliko kumbukumbu ya historia. Hermann Pálsson, mnamo 1966, aliona ndani yake mafundisho ya Kikristo juu ya kiburi na anguko lake. Kwa sehemu twakubaliana na wote wawili. Hata hivyo twaona jambo ambalo mchungaji hana budi kulitazama kwa karibu zaidi.

Kwanza, tuangalie ni nani aliyemwua Einarr. Farasi hakumwua. Hata Freyr hakuliagiza jambo hilo, kwa maana katika kitabu chote mungu huyo hasemi neno. Kilichoua ni kiapo cha mtu aliyeona heri mchungaji afe kuliko yeye kuonekana amelivunja neno lake. Hapa twamkumbuka Yefta na nadhiri yake (Waamuzi 11), na Herode aliyehuzunika, lakini kwa ajili ya viapo vyake na wageni walioketi naye akatoa kichwa cha nabii (Marko 6:26). Luther, katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, afundisha kwamba kile ambacho moyo wako unakitegemea ndicho mungu wako. Kwa kipimo hicho sanamu ya Hrafnkell haikuwa zizini. Ilikuwa heshima yake mwenyewe, na farasi alikuwa vazi lake tu.

Pili, mtunzi ameweka majina ya jamaa mahali pa kutisha. Mnyama anaitwa mwana, na mwana wa maskini anauawa kwa ajili ya mnyama. Hakuna mahubiri yanayoeleza vizuri zaidi jinsi ibada ya sanamu inavyoipindua daraja ya viumbe. Tena Einarr alivunja amri akiwatafuta kondoo wa bwana wake mwenyewe, si kwa starehe yake. Sheria ya mkubwa ilimkuta mtumishi akiwa katika utumishi.

Tatu, tutazame hukumu ya farasi. Thorgeirr alikiri kwamba Freyfaxi si bora kuliko farasi wengine, kisha akaagiza auawe kwa kuwa mabaya mengi yametokea kwa ajili yake. Hiyo ndiyo njia ya mkato ambayo wanadamu huipenda: kosa la mtu linatwikwa kiumbe kisichoweza kujitetea. Maandiko yasimulia kwamba mfalme Yosia aliwaondoa farasi waliowekwa wakfu kwa jua, na magari ya jua akayachoma moto (2 Wafalme 23:11). Lakini kabla ya hayo Yosia alikuwa amekwisha kurarua mavazi yake mwenyewe (22:11). Pale gengeni hakuna aliyerarua vazi.

Nne, na hapa ndipo tunapokilaumu kitabu, mtunzi aelekea kuridhika na mabadiliko ya Hrafnkell. Ameacha kutambika, amepunguza ukali, amejifunza kungoja. Lakini mtu aliyeacha miungu kwa sababu haikumsaidia hajatubu, amebadili hesabu tu. Damu ya Eyvindr ni ushahidi. Safari hii hakuna farasi, hakuna hekalu, wala hakuna kiapo kwa Freyr, na bado mtu asiye na hatia amelala chini. Kisha kitabu kinafunga hesabu kati ya wakubwa, nani amepata shamba na nani amelipoteza, kana kwamba yule mchunga kondoo hakuwa chanzo cha yote.

5. Hitimisho

Ndugu zetu watumishi na wanafunzi wa theolojia, hatusemi kwamba vyombo vya ibada ya kale vibaki nyumbani mwa Wakristo. Twasema kwamba kuviondoa si mwisho wa kazi. Mtu anapomletea mchungaji hirizi ichomwe, yafaa aulizwe kwa upole: Uliapa nini juu yake? Ni nani aliyeumia kwa ajili ya kiapo hicho? Je, umemwendea? Wanamatengenezo walikana kwamba nadhiri iliyo kinyume cha amri ya Mungu inaweza kumfunga mtu (Ungamo la Augsburg, kifungu cha 27). Basi tuwafungulie watu mlango huo. Hrafnkell alihitaji mtu wa kumwambia, kabla hajaliinua shoka, kwamba kiapo kiovu huvunjwa kwa utii na si kwa aibu. Hakuwapo. Leo sisi tupo, tena tumewekewa mikono kwa kazi hiyo. Tukishughulika na farasi tu na kumwacha mwenye kiapo aende zake, Einarr wa pili yu njiani, naye huenda ameketi katika usharika wetu.