Faili Ambalo Halipo

Eneo la West Nile nchini Uganda liliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa ya umeme. Hata mtambo wa Nyagak ulipoanza kazi mwaka 2012, uwezo wake ulikuwa megawati 3.5 tu. Mtengeneza tovuti wa Koboko, au wa Oraba kwenye mpaka wa kuelekea Kaya, Sudan Kusini, anajua dakika ya betri ina thamani gani. Programu ikijenga tovuti nzima upya kwa sababu kitufe kimoja kimebadilishwa rangi, kwake hiyo ni hasara tupu.

Dawa ni akiba: kilichokwisha kujengwa kisijengwe tena. Mwaka 1976, huko Bell Labs, Stuart Feldman aliandika programu ya Make, ambayo hulinganisha saa za mafaili. Ila Make husubiri kuambiwa lipi linategemea lipi. Kwenye mafaili ya mitindo (CSS), programu inabidi ijisomee yenyewe.

Usomaji huo ndio unaonivutia. Msomaji wa pupa hunasa @import, amri ya kuita faili jingine, popote, hata katikati ya maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya binadamu tu. Msomaji stadi hujua maelezo yanaanzia wapi na kuishia wapi. Hujua pia kwamba katika CSS ya kawaida @import hukaa juu, kwa hiyo akifika kwenye kanuni ya kwanza ya mtindo anafunga faili na kwenda zake. Kwenye Sass, lugha ya mitindo iliyobuniwa na Hampton Catlin mwaka 2006, hana raha hiyo: @import inaweza kujificha hata ndani ya mabano.

Halafu kuna utamu wenyewe. Ukiita "rangi", Sass hutafuta rangi.scss, _rangi.scss, hata _index.scss ndani ya folda yenye jina hilo; kwanza jirani na faili linaloita, kisha katika folda nyingine ilizoelekezwa. Tuseme imelipata mbali. Kesho mwenzako anaweka _rangi.scss palepale jirani. Hakuna faili la zamani lililoguswa, na akiba itaapa kwamba mambo ni yaleyale, kumbe tovuti ilipaswa kubadilika. Fundi makini huandika daftarini hata milango aliyobisha akakosa mwenyeji. Siku mtu akihamia humo, akiba inavunjwa.

Orodha hiyo ya waliokosekana mara nyingi huizidi ile ya waliopatikana, na kuikagua kuna gharama. Akiba isiyoitunza mimi huizima, nikajenga kila kitu upya.