Maktaba Njia Panda

Kikorongo, magharibi mwa Uganda, ni njia panda. Ukitoka Kasese kwenda Mbarara, karibu kabisa na ikweta, barabara ya kulia inakata kwenda Bwera na mpakani Mpondwe. Taksi haiondoki mpaka ijae, na jua la hapo halina huruma. Mimi hutoa kifaa changu cha kusomea. Kioo chake hakiwaki kama cha simu; ndani yake chembe nyeusi na nyeupe hupanda na kushuka, na jua likizidi ndipo herufi zinapokolea.

Mna vitabu elfu mbili na ushei humo. Sisifii wingi. Kitabu cha maneno tu, bila picha, mara nyingi hakifiki megabaiti 1, kwa hiyo yeyote anaweza kulundika. Maktaba ya Kenya ilipoanza kupeleka vitabu kwa ngamia Garissa mwaka 1996, mgongo wa mnyama ulimlazimisha mtu kuchagua. Kadi ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha, haimlazimishi, na ndiyo maana nawaheshimu wanaochagua.

Tazama mpangaji wa vitabu akiwa kazini, programu yake ya bure ya kupangia, Calibre, ikiwa wazi. Amepewa faili lenye jina la tarakimu tupu. Analifungua, anatafuta ukurasa wa mchapishaji, anaandika mwandishi, mwaka, lugha. Anagundua Shaaban Robert ameandikwa mara "Shaaban", mara "Robert", mara "Shaban" iliyopungukiwa a moja, na vitabu vyake vimetawanyika rafu tatu. Anavirudisha pamoja, kimoja kimoja. Hakuna atakayemshukuru, kwa sababu kazi hii ikifanywa vizuri haionekani. Msomaji hutafuta, akapata, akaendelea.

Kinachonigusa zaidi ni rafu ya watoto. Mpangaji mwema huweka hadithi za Lhukonzo mwanzo kabisa, hata zikiwa chache, ili mtoto wa Bwera akifungua akutane na lugha ya mama yake kabla ya Kiingereza. Uamuzi huo haufanywi na mashine.

Lakini kazi yote hiyo yaweza kupotea kwa siku moja. Mei 2020 Mto Nyamwamba, unaopita Kasese, ulifurika, maji na matope yakaingia hadi hospitali ya Kilembe. Karatasi haivumilii hayo, wala kifaa hakivumilii. Basi wewe uliyekwisha kupanga vitabu vyako, nakili maktaba yote kwenye kadi ya pili, uipeleke leo kwa ndugu anayeishi mlimani.