Uso wa Shangazi kwa Ukubwa wa A3

Zamani kusafisha picha ilikuwa kazi ya chumba cha giza: filamu inalowekwa kwenye dawa, sura inatokea. Siku hizi fundi wa steshenari akikwambia anakusafishia picha, sura ndiyo inayoondoka.

Picha ninayoijadili ilisimama msibani kwenye fremu ya dhahabu, na chini yake jina la shangazi yangu. Waombolezaji waliisifu. Mimi naiona kazi mbovu, ila ubovu wake ni wa aina mbili, na si haki kuuchanganya.

Kwanza ukungu. A3 iliyosimama ina upana wa milimita 297. Kuichapa kwa nukta 300 kwa inchi kunataka pikseli kama 3,508. Fundi alipewa JPEG yenye pikseli 960, iliyokwisha kupita simu nne kwa WhatsApp. Hizo ni nukta 82 hivi kwa inchi. JPEG hupunguza uzito kwa kutupa: huigawa picha vipande vya pikseli nane kwa nane, na katika kila kipande huacha yale inayodhani jicho halitayakosa. Ukirekebisha na kuhifadhi tena, hutupa tena. TIFF ingetunza kilichobaki wakati wa marekebisho, lakini isingerudisha kilichokwisha kutupwa. Hapo simlaumu fundi.

Namlaumu kwa rangi. Shangazi alikuwa mweusi tii, mwenye kovu juu ya jicho la kushoto ambalo watoto wote wa ukoo tuliwahi kuligusa. Kovu limefutwa. Mashavu yamelainishwa kama sahani ya plastiki, na weupe wake sijui ni wa nani. Utetezi wa mafundi naujua: kioo cha simu hutoa mwanga, karatasi haitoi, kwa hiyo ngozi nyeusi huzama kwenye wino. Ni kweli. Lakini dawa yake ni kuinua vivuli kidogo, kuchapa kipande cha majaribio, na kuangalia. Huyu aliukwangua uso peke yake. Mikono, iliyokunjwa mapajani, aliisahau.

Mwaka 1994 jarida la TIME lililaumiwa kwa kuikoleza giza picha ya polisi ya O.J. Simpson kwenye jalada lake. Wiki hiyohiyo Newsweek lilitoa picha ileile bila kuikoleza, na kila mpita njia akaweza kulinganisha. Kule walimtia mtu weusi ili atishe. Huku tunamvua mtu weusi ili apendeze, na tunalipia. Sisi Newsweek yetu ilikuwa mikono ile. Sikuona mtu aliyeitazama.

Faili asili bado liko kwenye simu ya binamu yangu, pikseli zake zote. Nimemwomba asinitumie. Nitalifuata mwenyewe, na flashi mfukoni.