Gita Iliyolala

Kila onyesho likiisha hapa kwetu Rwamwanja, watu wanaanza kuhukumu vidole. Fulani ana vidole vyepesi, fulani bado, fulani aliharibu wimbo wa tatu. Hata mimi nimeandika hivyo katika jarida hili. Leo nataka kuhakiki kitu ambacho hakuna anayekihakiki, yaani nyuzi. Na kwa sababu wafanyakazi wa misaada nao wanasoma kurasa hizi, kuna jambo nililowaambia mwaka jana ambalo halikuwa kweli. Nitalifikia.

Mnakumbuka zile gita nne za kituo cha vijana. Zilikuja mpya, zinang'aa, kila moja na mfuko wake. Tulipiga picha nazo. Kesho yake nikamwita mzee mmoja wa kijiji chetu, mtu wa upande wa Beni, ambaye kule nyumbani alikuwa anapiga gita kwenye matanga usiku kucha. Tangu avuke mpaka hakuwa amegusa gita. Akaketi, akaweka kidole gumba kwenye nyuzi nene, akapiga kama dakika moja, akasimama. Akairudisha mikononi mwangu taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa jirani.

"Mutoto, hii gita iko inalala."

Nikamwambia, "Papa, ni mpya kabisa."

"Mpya, lakini inalala. Hii haiko uzi. Hii ni kamba ya mbuzi."

Vijana walicheka. Mzee hakucheka, na mimi nilirudi nyumbani nikiwa na hasira kidogo, kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye kamati iliyopokea zile gita na kushukuru.

Baadaye nilijua kwamba alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyodhani. Gita hizo nne ni za aina ya Kihispania, zenye nyuzi za nailoni. Kabla ya nailoni, nyuzi za gita za namna hiyo zilitengenezwa kwa utumbo wa kondoo na mbuzi. Ni katika miaka ya 1940 ndipo fundi wa New York, Albert Augustine, alipoanza kuzitengeneza kwa nailoni, na Andrés Segovia, bwana mkubwa wa gita ya Kihispania, akazikubali na kuzieneza. Ni nyuzi nzuri. Hazikati vidole, na kwa wimbo wa taratibu, kwaya ikiwa nyuma, zina sauti ya mviringo, laini. Sina ugomvi nazo. Lakini muziki aliokuwa anautafuta mzee haukuzaliwa juu yake.

Sikilizeni "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco. Hugh Tracey aliirekodi mwaka 1952 kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na wengi wetu tunayo kwenye simu. Ni mtu mmoja na gita moja, na ukifumba macho unahesabu wapigaji wawili. Bosco alipiga kwa vidole viwili tu: gumba linatembea chini kwenye nyuzi nene, cha shahada kinajibu juu kwenye nyembamba. Watu wanasifu vidole hivyo, nami pia. Lakini jiulizeni kwa nini masikio yetu yanaweza kutenganisha gumba na shahada. Ni kwa sababu uzi wa chuma, mwembamba, unatoa noti yenye makali. Inatoka, inang'ara, inaachia nafasi, na inayofuata inaingia hapo. Chukua wimbo uleule, vidole vilevile, weka nailoni: sauti ya juu na ya chini zinavaa nguo moja. Mazungumzo yanageuka mnong'ono. Ndiyo maana ya "inalala". Yule mzee alifanya uhakiki wa kweli kwa neno moja, wakati mimi najaza ukurasa.

Na wakubwa wetu walijua kwamba kuchagua uzi ni sehemu ya kutunga. Katika rumba ya Kongo kuna gita ya tatu, inayosimama kati ya solo na rhythm, wanaita mi-composé. Siri yake ni ndogo: unaondoa uzi wa nne, ule uliozungushiwa waya, unaweka mwembamba mahali pake na kuupandisha juu kwa oktava nzima. Uzi mmoja umebadilishwa na ghafla gita ina kengele ndani yake. Hapo hakuna kidole kipya wala gita mpya. Franco mwenyewe, alipokuwa mtoto Kinshasa, alianza na gita ya mkebe yenye nyuzi za waya wa umeme uliomenywa. Sisemi tumwige hapo. Nasema hakungoja nailoni.

Basi nikamwahidi mzee nyuzi za kweli. Nikapanda gari kupitia Fort Portal hadi Kasese. Nilifikiri mji ule hautanikosesha, kwa sababu reli yake ilifika mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na nyuzi nene za gita ya chuma mara nyingi zimezungushiwa waya wa mchanganyiko wa shaba. Nilizunguka maduka mpaka jua la Kasese, mnalijua, likanikalisha chini. Nyuzi nilizipata kwenye duka la chaja na vifuniko vya simu, zimetundikwa katikati ya headphone. Pakiti ilitoka China. Kijana wa duka alikuwa na aina mbili, 10 na 12. Nikamuuliza ipi ni nzuri. Akasema, "Mzee, 12 ina nguvu." Nikachukua 12. Mtu wa kambi akisikia "ina nguvu" hahitaji maelezo zaidi. Sisi tunanunua jembe hivyo, ndoo hivyo, turubai hivyo.

Namba hiyo ni unene wa uzi wa kwanza: sehemu 12 katika sehemu elfu moja za inchi. Inaonekana ni kitu kidogo sana. Lakini seti kamili ya 12, ikikazwa mpaka sauti yake ya kawaida, inavuta gita kwa zaidi ya kilo 70. Nyuzi za nailoni zinavuta kama kilo 40. Gita ya Kihispania imejengwa kwa hizo 40: kifua chake chembamba, shingo kwa kawaida haina chuma ndani, na daraja, kile kibao cha kifuani ambapo nyuzi zinafungwa, limeshikwa kwa gundi peke yake. Hayo yote sikuyajua. Nilifunga nyuzi jioni. Mzee akaja, akapiga, na kwa saa nzima watu walisimama nje ya kituo na madumu yao ya maji bila kwenda nyumbani. Nilijiona mtu wa maana.

Usiku wa tatu mlinzi alisikia kitu kama tawi linavunjika. Asubuhi tulikuta daraja limeng'oka na kubeba ganda la mbao ya kifua, nyuzi zimejikunja juu yake kama mizizi.

Sasa lile jambo. Dada afisa wa kituo alipouliza, mimi nilisema ni joto na unyevu. Nilisema gita hizi haziwezi hali ya hewa ya huku. Nyuzi nilikuwa nimeshazitoa, ziko mfukoni. Akaandika ripoti kwamba mahali pa kuhifadhi hapafai, na ofisi, kwa nia njema kabisa, ikafungia gita tatu zilizobaki stoo mpaka kabati likamilike. Miezi saba. Watoto waliokuwa wamejua nyimbo mbili walizisahau zote mbili. Mzee aliacha kupita kituoni. Dada, ile ripoti ilikuwa sahihi kwa yale niliyokuambia. Niliyokuambia ndiyo hayakuwa sahihi. Hali ya hewa haikuvunja gita. Ni mimi na namba 12.

Gita iliyovunjika nilipewa kama takataka. Nikaenda nayo Bwera, kwa ndugu. Sisi Wanande na Wakonzo ni watu wa lugha moja na mpaka katikati, kwa hiyo pale Bwera mtu hajieleweshi sana. Kuna fundi karibu na barabara ya kwenda Mpondwe anayetengeneza redio, baiskeli, na gita akiletewa. Alikuwa na gita yake ukutani yenye uzi wa breki ya baiskeli, ule wa ndani ambao unafumuliwa nyuzinyuzi. Tumekua nao sote. Nikamwomba niupige. Ukiwa wazi unalia vizuri, lakini ukipanda katikati ya shingo unasema uongo, kwa sababu waya wa breki umesokotwa na mikunjo haiishi hata ukiunyoosha. Fundi alinifundisha kipimo ambacho ningependa kila mnunuzi akijue. Gusa uzi kidogo tu, bila kuubana, juu kabisa ya chuma cha 12 cha shingo, piga, usikie ile sauti ya filimbi. Halafu bana palepale, piga tena. Sauti mbili zikilingana, uzi ni mwaminifu. Zikitofautiana, kama gita yenyewe imejengwa sawa, basi uzi ndio mbovu hata kama umetoka kwenye pakiti leo.

Kuhusu gita yangu alisema vitu viwili. Cha kwanza, gundi haitoshi, nyuzi zivute kutoka mkiani. Akakata bati la mkebe wa mafuta ya kula, ule wa mgao, maandishi bado yanasomeka, akalikunja mara mbili na kulipigilia misumari kwenye tako la gita. Sasa nyuzi zinaanzia pale, zinapita juu ya daraja na kuligandamiza chini badala ya kuling'oa. Cha pili, niachane na nguvu. Alinipa seti ya 10 ya gita ya umeme, ambayo mvuto wake wote ni kama kilo 45, akaniagiza nishushe sauti toni moja nzima. Ukishusha toni moja, mvuto unapungua kama sehemu moja ya tano. Kwa hiyo chuma hiki kinavuta chini kidogo ya ile nailoni. Kama mwimbaji anataka sauti ya juu, penseli na kipande cha mpira wa tairi la ndani vinabana shingo, nasi tunapanda tena.

Nimeisikiliza kwa wiki sita na naweza kuihakiki. Nyuzi za juu ziko macho. Zina ule mkato, na gumba na shahada vinasikika kila kimoja na njia yake. Nyuzi nene zimenisumbua, kwa sababu zikishushwa toni zinalegea na kugonga vyuma vya shingo mpigaji akichangamka. Bati la mafuta nalo linatetemeka kwenye noti fulani na kutoa mlio wa nyuki. Nilitaka kulipachika kitambaa. Mzee alikataa, akasema mlio huo anaujua, gita ya kaka yake ilikuwa nao. Hapo sikubaliani naye. Mimi nasikia kasoro, yeye anasikia nyumbani, na sidhani ni kazi ya mhakiki kumshinda.

Nyuzi zenyewe zinachakaa upesi hapa, kwa jasho na vumbi jekundu. Zile za waya wa kuzungushwa tunazichemsha dakika chache, tunazikausha vizuri, tunazirudisha. Zinafufuka kwa siku kadhaa, si zaidi, na makaa nayo yana bei. Nailoni usichemshe.

Kwa wanaoagiza vifaa, ombi langu si kubwa. Fomu ya mwaka jana iliandika "gita, idadi 4". Aliyeijaza alichagua zisizoumiza vidole vya watoto, na mimi namwelewa. Lakini muulize aliyekaa hapa ni nyimbo gani zitapigwa, halafu namba ya nyuzi itajitokeza yenyewe. Gita mbili za nailoni kwa watoto na kwaya. Mbili za chuma, zilizojengwa kwa chuma, kwa hawa wengine. Na bajeti ya nyuzi za akiba, kwa sababu gita inakuja mara moja lakini uzi unakatika kila mwezi. Gita yenye nyuzi tano tumezoea kuiita nzima, na tunamlaumu mpigaji.

Gita ya mkebe nimeirudisha kituoni pamoja na karatasi hii. Mzee amekuja Jumatano mbili mfululizo. Kidole chake cha shahada kimekuwa kigumu, anakosea mahali ambapo zamani hakukosea, na akikosea anatukana kwa Kinande kisha anaanza upya. Uzi wa kwanza umeshakatika mara mbili. Nimenunua mwingine wa akiba, ninao ndani ya bahasha ya kadi ya chakula.