Yope, na sisi tuliotoka Goma

Jumamosi nikiweka Yope kwenye kile chumba tunachoazima hapa Nyamirambo, hakuna anayebaki kwenye kiti. Vijana wangu ni Wakongo, Warundi na majirani wachache Wanyarwanda. Kilingala wengi hawakijui, mimi mwenyewe nakisikia nusunusu. Lakini miguu inaelewa.

Innoss'B ni mtoto wa Goma, alizaliwa huko 1997. Yope ilitoka 2019, na mwaka huohuo akairudia pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania. Video ya marudio hayo imeshatazamwa zaidi ya mara milioni 100 kwenye YouTube. Watu wanasema Diamond ndiye aliyeubeba wimbo. Sikatai kwamba alifungua mlango wa Afrika Mashariki. Ila mtu asiyejua Kilingala wala Kiswahili anashikwa na kitu kingine: neno fupi ambalo hata mtoto mdogo analiitikia, na mdundo unaokuachia nafasi ya kuingia na mwili wako.

Zamani niliulaumu. Nilisema, Goma ina vita, mwaka 2021 Nyiragongo imelipuka tena, na huyu anatuimbia raha?

Halafu vita vikafika Goma, Januari 2025. Wiki ile binti mmoja wa kikundi chetu alikuwa hampati bibi yake kwenye simu. Wenzake walipoanza Yope, nikakimbilia kuzima. Akaniambia, "Yaya, usizime. Leo hakuna anayesema Goma bila kusema maiti. Acha huu."

Nikaacha. Hakucheza, alikaa tu akisikiliza mpaka mwisho.

Tangu siku ile siulizi tena kwa nini wimbo hauhubiri. Kazi ya habari iko kwa watu wa habari. Lakini lawama moja nabaki nayo. Anayeucheza Paris anaweza kumaliza mwaka asijue mwimbaji katoka wapi. Na Kiswahili kilichosafiri nao zaidi ni kile cha Dar es Salaam. Kile cha Birere, cha "batoto" na "tunaendaka", ambacho vijana wangu wanachekwa nacho shuleni, bado nakingoja kifike mbali hivyo.

Bibi alipatikana siku ya tisa. Jumamosi iliyofuata binti aliomba wimbo mwenyewe, na safari hii alisimama.