Sikio la Fundi wa Ekero

Fundi wangu wa Ekero hapimi draivu ya CD kwa macho. Huipa umeme, huilisha CD moja kuukuu asiyoijali, kisha huinamisha kichwa na kunyamaza. Draivu nzima hunguruma, hupungua, hutulia. Iliyochoka huanza, husita, huanza tena, lenzi ikipanda na kushuka tik-tik-tik kama kuku anayedonoa bati. Nje trekta za miwa zinapita zikielekea Mumias, na bado mlio huo anaupata.

Nilikuwa nimempelekea Encarta Africana, ile ensaiklopidia ya mwaka 1999 iliyosimamiwa na Kwame Anthony Appiah na Henry Louis Gates Jr. Kompyuta nyingi za leo hazina hata pa kuingizia CD. Nyumbani ninayo Pentium II ya mtumba yenye Windows 98, nzima kabisa isipokuwa draivu iliyokwisha kufa. Nilidhani kazi ni kununua yoyote na kuipachika.

"Mwalimu," akaniambia, "hapa mimi ni mshenga. Lazima nijue nyumba zote mbili."

Chini ya meza ana kreti la soda lililojaa draivu zilizotolewa kwenye kompyuta zilizotupwa. Za mlango wa SATA aliziweka kando bila maelezo: mashine yangu inataka waya bapa wa pini 40, wenye ukingo mwekundu unaoonyesha pini ya kwanza iko wapi. Katika zilizobaki nikadaka iliyoandikwa 52x. Akanicheka.

Hesabu yake ni hii. Mwendo wa kwanza kabisa wa CD-ROM ulikuwa kilobaiti 150 kwa sekunde. Mara 52 ni 7,800, lakini kasi hiyo hupatikana ukingoni mwa CD tu, na CD huanza kusomwa kutoka katikati kwenda nje. Isiyojaa haifiki huko. Unachopata kwa hakika ni kelele, maana inazunguka karibu mara 10,000 kwa dakika, na CD yenye ufa inaweza kupasukia humo ndani. "Kompyuta yako inakunywa kwa kikombe," akasema, "nawe unaimiminia kwa ndoo." Akachagua ya 24x.

Umri nao ulimsumbua. Draivu ya zamani mno hushindwa na CD zilizochomwa nyumbani, hasa zile za kuandikwa na kufutwa, kwa sababu hurudisha mwanga kidogo sana wa leza. Na kwetu zilizochomwa ndizo nyingi: harusi, mazishi, kwaya, hata majibu ya mtihani wa vitendo wa somo la kompyuta katika KCSE ya Kenya yalikuwa yakikabidhiwa kwa CD. Alitaka draivu ya mwishoni mwa miaka ya 1990, inayoelewana na waya wa kale na isiyobagua CD ya mtaani.

Nyuma ya draivu kuna kijampa cha kuamua nani anatangulia kwenye waya. Watengenezaji waliandika "bwana" na "mtumwa". Fundi husema "mkubwa" na "mdogo". Sikumuuliza sababu, maana Mumias ilikuwa kituo cha misafara ya kutoka pwani iliyofanya biashara ya watumwa pia, na maneno hayo mawili yana uzito wake hapa.

Trei ilikuwa inagoma kutoka. Akachomoa mkanda wa mpira, mdogo kama pete, akautia katika maji ya moto ya chai yetu. Mpira uliolegea ukichemshwa hujikaza, kwa muda. Lenzi akaifuta kwa pamba yenye spiriti, kwa mkono mwepesi kuliko wa mtu anayetoa kibanzi jichoni mwa mtoto. Hakuipuliza: mate nayo ni uchafu. Pembeni mwa leza kuna kiskrubu ambacho mafundi wenye haraka hukizungusha ili leza ichome zaidi. Draivu hufufuka hapo hapo, mteja analipa, na leza inakwisha mapema. Yeye hakigusi. Kwangu mimi ufundi wake wote uko katika kile kiskrubu asichokigusa.

Tukaifunga, tukaiwasha, tukailisha Africana. Ngurumo, kupungua, kutulia. Picha ya kwanza ikaanza kujichora polepole juu ya kioo, nami nikavuta kiti.

Umeme ukapotea. Ekero nzima ikawa giza, na CD yangu imo ndani. Nikakumbuka kile kitundu kidogo usoni mwa draivu, cha kufungulia trei bila umeme. Nikapapasa mezani nikapata klipu ya karatasi, nikainyoosha. Mkono wa fundi ukanishika.

"Ngoja kwanza, Mwalimu. Bado inazunguka."

Mimi sikusikia kitu. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa gizani.

"Haya," akasema. "Sasa."